Kupekua msimbo kabla ya kuhamia prosesa mpya: kunatosha?

Anayetaka kuhamisha programu kutoka prosesa za x86 (za Intel na AMD) kwenda familia nyingine za prosesa, ARM au RISC-V, hushauriwa kwanza apekue kila kifurushi: atafute asembli (amri za prosesa moja mahususi) iliyopachikwa ndani ya C, atafute immintrin.h na majina yanayoanza na _mm_ (alama za amri maalumu za x86), kisha akadirie kazi. Wengine wanaona huko ni kupoteza muda. Jenga tu, wanasema, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa) itagoma penye tatizo.

Wanaopekua wana hoja. Debian, mfumo wa Linux ulioipokea RISC-V rasmi katika toleo la 13 mwaka 2025, una makumi ya maelfu ya vifurushi. Huwezi kuvijenga vyote kwa kubahatisha. Upekuzi pia hufichua mapema maktaba za programu zilizoletwa zikiwa zimeshajengwa, bila msimbo wake. Hizo hakuna kompaila itakayozihamisha.

Lakini orodha ya upekuzi hupotosha. Asembli nyingi imezungushiwa #ifdef __x86_64__ (sharti la kuitumia kwenye x86 pekee), na chini yake pana #else (vinginevyo) yenye C ya kawaida: orodha inatisha, kumbe kifurushi kitajengwa bila shida (huenda kikaenda polepole, ila kitafanya kazi). Kinachonitia hofu ni kile ambacho orodha haikitaji. Tazama kitanzi hiki cha C, kinachosoma herufi moja moja hadi kikute EOF, alama ya mwisho wa data yenye thamani -1:

char c; while ((c = getchar()) != EOF)

Hapa hapana asembli wala jina la prosesa. Kwenye Linux ya x86, char hubeba namba hasi, kwa hiyo -1 hubaki -1 na kitanzi hukoma. Kwenye Linux ya ARM char haibebi hasi. -1 hugeuka 255, hailingani tena na EOF, na kitanzi hakikomi kamwe.

Nyuzi, yaani sehemu za programu zinazoenda sambamba, ni hatari zaidi. Uzi mmoja unaandika data, kisha unainua bendera, alama ya kuujulisha uzi wa pili kwamba data iko tayari. x86 hulinda mfuatano huo. ARM huruhusu bendera ionekane kabla ya data, na uzi wa pili ukasoma thamani ya zamani. Hitilafu hii yaweza kulala wiki nzima, ikaamka siku seva imeelemewa.

Mimi ningepekua nusu siku, hasa kusaka zile maktaba zisizo na msimbo. Muda uliobaki ningeendesha majaribio kwenye mashine yenyewe, kwa nyuzi nyingi na saa nyingi, si kwenye kiigizi (programu inayojifanya prosesa nyingine) kilicho juu ya x86, maana mara nyingi hicho hurithi mfuatano wa x86 na kuficha kosa. Na ningeanza na vifurushi visivyo na majaribio kabisa, hata vile ambavyo upekuzi haukuvikuta na doa.