Kikoi Kilichotangulia na Maji

Haya. Kwa kuwa rafiki yangu mmoja aliyeko Muscat ameshairusha kwenye kundi la mtaa video ya mimi na kikoi changu, na watu wa Tanga tangu jana wananitumia pole zilizojaa vicheko, acha nisimulie mwenyewe. Kwanza kabisa, sikuwa uchi. Aliyesema nilikuwa uchi hakuwepo. Ile video ya shemeji ukiisimamisha vizuri utaona nguo. Ndogo, lakini nguo.

Nilikooa mnakujua: Keanae, kaskazini mwa kisiwa cha Maui, Hawaii, kwenye ile barabara ya Hana yenye kona za kutapisha watalii. Ni ulimi wa lava ulioingia baharini, na wazee husimulia kwamba zamani chifu mmoja aliamuru watu wabebe udongo kwa vikapu kutoka juu mpaka mwamba ukawa shamba. Shamba lenyewe ni majaruba ya magimbi. Kuna kanisa la mawe lililonusurika tsunami ya 1946, nyumba chache, na watu wanaojuana hadi kikohozi. Kila mzee ni anti au anko, damu iwepo isiwepo. Ukimpita mtu na gari bila kumpungia mkono, jioni mkeo ataulizwa umekasirishwa na nini.

Jumamosi tulikuwa na kazi ya pamoja jarubani kwa wakwe, kuvuna magimbi ya sherehe ya mtoto wa shemeji anayetimiza mwaka. Mwaka wa kwanza wa mtoto huku si keki na soda. Ukoo mzima unakuja, na ukoo wa jirani, na jirani wa jirani, na wote watakula poi, yaani magimbi yaliyopikwa yakapondwa mpaka yakawa kama uji mzito. Kwa hiyo ni magimbi mengi, jamani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, mezani, mdomo ukaniponza. Nikawaambia magimbi nimezaliwa nayo, bibi yangu Muheza alikuwa nayo pembeni ya kijito, wasihangaike kunifundisha. Anko, mjomba wa mke wangu, akaitikia kwa kichwa tu akaendelea kula samaki. Ningekuwa na akili ningeuogopa ule ukimya. Magimbi ya bibi yako kwenye udongo wenye unyevu, unakwenda na jembe na kandambili. Ya huku yanaogelea: maji yanaingia kwa mfereji kutoka mtoni, yanapita jaruba hili, yanashuka lile, mwisho yanarudi mtoni. Chini ya maji ni matope ya kufika magotini.

Na mimi nimevaa kikoi. (Wewe unayeuliza kwa nini, ni kwa sababu wenzangu wote walivaa bukta na nilitaka nionekane mwenyeji wa kilimo. Endelea kusoma.)

Kabla ya kuingia tulisimama kingoni, anti mmoja akaimba dua ya kwao. Kwa Wahawaii gimbi si mboga tu. Husimuliwa kwamba mtoto wa kwanza wa kiume wa Wakea, baba wa mbingu, alizaliwa mfu, akazikwa, na pale kaburini likaota gimbi. Aliyezaliwa baada yake ndiye aliyeleta watu. Kwa hiyo gimbi ni kaka yetu mkubwa, na mbele yake hakuna matusi, hakuna ugomvi, unajiheshimu. Nikaitikia kwa unyenyekevu mkubwa.

Kuvuna ni hivi: unapapasa shina kwa miguu, unalegeza mizizi, kisha unainama na kuling'oa taratibu. Nikachagua gimbi kubwa kuliko yote, kwa sababu mama mkwe alikuwa anatazama. Alikuwa jaruba la chini, kwenye mlango wa maji, anatoa majani yaliyoziba. Nikalikumbatia lile gimbi. Nikavuta. Halikuja. Anko akasema, "Usishindane na matope." Nikavuta tena, safari hii kwa nguvu za Muheza nzima.

Likaja lote, kwa mkupuo.

Nikaenda kinyumenyume, ila miguu haikwenda. Miguu ilibaki palepale imeshikwa. Nikakaa ndani ya maji kitako, gimbi kifuani. Hapo bado nilikuwa mtu na heshima zangu, watu wanacheka kidogo, hata mimi nacheka. Tatizo ni kusimama. Kikoi kilikuwa kimekunywa maji, nusu yake imefukiwa matopeni. Mimi nikapanda, chenyewe kikabaki. Nikasikia pindo linafunguka kiunoni polepole, kwa adabu kabisa, na mikono yote miwili imebeba kaka mkubwa.

Ningemtupa kaka mkubwa? Mbele ya anti aliyetoka kuimba?

Kikoi kikajinasua. Kikavimba hewa katikati kama andazi, kikaanza safari. Maji ya jarubani hayana haraka, na hilo ndilo lililoniua. Kingekwenda kwa kasi ningesema basi, ajali. Kilikwenda mwendo wa bwana harusi. Kikawapita watoto, kikakwama kwenye mashina, na mtoto mmoja, Mungu amkuze, akakisukuma kwa fimbo ili kiendelee. Kikawafikia akina anti waliokuwa wanakwangua yale mayai ya waridi ya konokono waharibifu. Wakanyoosha migongo wote, wakakipisha. Kikaingia kwenye upenyo wa tuta, kikashuka jaruba la chini, moja kwa moja kwa mama mkwe.

Mama mkwe! Kwetu hata kula naye sahani moja ningeona haya. Nikafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa angefanya: nikamgeuzia mgongo kwa heshima.

Sasa boksa ile alininunulia mke wangu kwenye duka la watalii, kwa utani. Ni ya njano, ina mananasi. Na nyuma, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, imeandikwa ALOHA.

Kimya. Kisha nikasikia kikoi kinakamuliwa, na sauti ya mama mkwe, tulivu kabisa: "Aloha, mwanangu."

Anko alilazimika kukaa kwenye tuta.

Na yale maji, mnajua yalikotoka? Zaidi ya miaka mia mito ya upande huu ilichepushwa kwenda kwenye mashamba ya miwa, wazee wakapambana na kesi miaka nenda miaka rudi, mpaka 2018 tume ya maji ya jimbo ikaamuru mito irudishiwe maji. Walipigania maji ya kukuza magimbi. Mimi nikayasafirishia kikoi.

Yaliyofuata hayana urefu. Redio mbao ya huku haihitaji mtandao: nilipofika nyumbani muuza mkate wa ndizi alishajua habari za mananasi. Kanisani wamecheka. Kwenye sherehe mshereheshaji ameniita Anko Aloha, na mtoto mwenye siku yake akapiga makofi. Mke wangu anasema mama yake ameshasahau, lakini jana mama yake kaniletea mkanda.

Ila kuna jambo nahitaji msaada. Anko amekipenda kile kikoi, anataka chake cha kuvaa nyumbani, na akina anti nao wameanza kuchagua rangi. Mwenye duka pale Barabara ya 12 aniandikie bei, pamoja na ya kutuma. Cha anko kiwe cha bluu na upana wa kutosha, maana ana kitambi.