Tuanze na tanuu la chokaa, Haber atasubiri

Madaftari mengi ya kemia ya sekondari ninayoyaona huanza somo la msawazo, yaani hali ya mmenyuko kwenda na kurudi kwa kasi sawa, mahali pale pale: naitrojeni na haidrojeni, kiwanda cha Ujerumani, nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo wa angahewa 200 (mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida), chuma kama kichocheo. Mwanafunzi anakariri namba, anazimwaga kwenye mtihani, yamekwisha. Sina ugomvi na Fritz Haber, mkemia aliyebuni njia hiyo ya kutengeneza amonia. Amonia yake ndiyo mbolea ya mashamba yetu. Ila kumwanzishia hapo mtoto wa Pwani, ambaye huenda nyumba ya bibi yake imejengwa kwa mawe na chokaa, naona ni kumzungusha bure.

Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Wachoma chokaa hupanga magogo, wakarundika mawe juu yake, wakatia moto. Jiwe likipata joto la kutosha huachia hewa ukaa, ikabaki chokaa. Kilo 100 za kaboneti safi hutoa kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 zimepaa, na ndiyo maana jiwe lililoiva ni jepesi mkononi.

Sasa muulize mwanafunzi: je, jiwe hilo tungelifungia? Mskoti James Hall alilijaribu jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19. Alishindilia chaki ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba, akaichoma. Chaki ilikataa kuwa chokaa. Ikaganda ikawa kitu kama marumaru. Hewa ukaa haikuwa na pa kutokea, basi ikawa inarudi kwenye chokaa kwa kasi ile ile inayotoka nayo. Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakidhani mmenyuko umesimama. Haujasimama. Ni kama kivuko cha Kigamboni siku ambayo wanaovuka kwenda mjini ni sawa na wanaorudi: idadi ya watu ng'ambo haibadiliki, na pantoni haipumziki.

Kila kiwango cha joto kina mgandamizo wake wa hewa ukaa ambapo kwenda na kurudi hulingana. Kwenye nyuzi 800 hivi, ni kama moja ya tano ya angahewa. Ukikaribia 900 unafika angahewa nzima. Lakini tanuu la wazi halingoji 900, kwa sababu upepo huifagia hewa ukaa kabla haijarundikana, na jiwe linaendelea kuachia nyingine. Kanuni ya Le Chatelier ya mwaka 1884, kwamba msawazo ukisumbuliwa mmenyuko huelekea upande wa kupunguza usumbufu huo, iko pale pale kwenye moshi.

Safari ya kurudi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Chokaa ikimwagiwa maji, ndiko kuizima, huchemka, ikapoa, ikapigwa ukutani. Katika joto la kawaida, mgandamizo wa msawazo ni mdogo mno, kiasi kwamba hata hewa ukaa chache iliyomo angani, kama sehemu 4 katika 10,000, inatosha kuigeuza jiwe tena. Mwenye kupenda ubishi atasema marejeo yamepitia njia nyingine, kwa kuwa maji yameingia kati. Kweli, lakini kilichoanza kama kaboneti kimeishia kaboneti. Kuta nene huchukua miaka mingi kukamilisha kazi hiyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na nyumba za Lamu na Mji Mkongwe zimeshikiliwa na mmenyuko huu, na inaniuma kuona watu wakizipiga plasta ya saruji, inayofungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta unamomonyoka.

Najua matanuu hula miti; sisemi shule zifungue biashara. Nasema somo lianzie hapo, Haber aje wiki ya pili, mwanafunzi akiwa tayari anajua kwa nini mtu ahangaike na mgandamizo. Na kwenye mtihani ningeuliza hili, alama tano: kwa nini chokaa iliyozimwa, ikihifadhiwa chini ya maji, hukaa laini kwa miaka, na ile iliyobaki ukingoni mwa pipa hukauka ikawa jiwe?