Kivinjari Kimekopa Nywila Zangu

Ndugu zangu, mwenzenu nina mdeni. Hakai Chang'ombe wala Kikuyu za hapa Dodoma, anakaa ndani ya kompyuta yangu na jina lake ni kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Kila nikiandika nywila, yaani neno la siri, mahali, kinachungulia pembeni kwa adabu zote za mkwe mtarajiwa: nikuhifadhie? Nikakipa. Ya benki, ya barua pepe, ya mfumo wa kazini, mpaka ya duka la viatu nililoingia mara moja tu na viatu vyenyewe sikununua. Kukopa harusi. Sasa tuko kwenye kulipa.

Jana nilitaka kuomba likizo ya siku tano. Zabibu zimeiva Hombolo, na tangu Jumatatu kaka ananipigia simu kwamba ndege wameanza kuzionja. Likizo siku hizi haiombwi kwa barua, unaingia kwenye mfumo. Nikafungua. Visanduku viwili, vyeupe pe, kama sahani za wageni waliofika ugali haujasongwa. Kivinjari kimya. Hata salamu ya mbukwenyi hakuna.

Nikabofya. Nikabofya tena kwa nguvu, kana kwamba kinasikia maumivu. Nikazima nikawasha, ile dawa yetu ya kila ugonjwa. Safari hii kikaamka, kikaandika namba yangu ya simu kwenye kisanduku cha kutafutia.

Nikabeba laptopu hadi kwa kijana wa steshenari hapa Nkuhungu. Akaangalia, akacheka.

"Mzee, mfumo wenu umehamia anwani nyingine. Hiki kinaangalia anwani, hakiangalii sura. Ukurasa ufanane na ule wa zamani kama pacha, anwani ikiwa tofauti hakitoi kitu. Ndiyo kinga yenyewe dhidi ya matapeli wa kurasa feki."

Nikaelewa. Sikusamehe. Mbona ya benki anwani ni ileile na bado hakijazi? Akasema kule jina unaandika ukurasa huu, nywila ukurasa unaofuata, kikifika wa pili kimeshapotea njia. Na kuna fomu nyingine, waliozitengeneza hawakuweka alama za kukijulisha kisanduku kipi ni cha nini, kwa hiyo kinabahatisha. Basi nilikuja na mtu mmoja wa kumlaumu, nikaondoka na watatu.

Kijana akanionyesha kwenye mipangilio nywila zangu zote zimepangwa, zimefunikwa vidoti. Unabofya kijicho, unaweka namba ya siri ya kompyuta, unaiona. Nikanakili, nikabandika. Imo. Lakini kitufe cha kuingia kijivu, hakibonyezeki.

"Gonga nafasi moja mwishoni, halafu ifute."

Nikagonga, nikafuta. Kitufe kikageuka kijani. Nawaapia! Nywila ni ileile, haijaongezeka wala kupungua, ila fomu ilikuwa inangoja kuhisi kidole cha binadamu. Hata kuku wa Kigogo hana masharti hayo.

Nikabonyeza. "Jina au nywila si sahihi."

Hapo, nusu ya kosa ni langu. Mwezi uliopita mfumo ulinilazimisha kubadili nywila, kivinjari kikauliza: nibadilishe na niliyokutunzia? Mama watoto akaita chakula kinapoa, nikabofya "Hapana" nikakimbilia mlenda. Kikabaki na ya zamani, kimeitunza vizuri kweli.

Nikajaribu ya kichwani. Nikajaribu ya kichwani pamoja na jina la mtoto wa pili. Akaunti ikafungwa nusu saa. Kijana akanidai shilingi mia tano ya ushauri, nikiwa bado nimekodolea kioo simu ikaita.

"Ruhusa umepata?"

"Bado, kaka. Mfumo umenifungia nje."

"Haya. Ndege wameshaingia tangu asubuhi, mstari wa kwanza wameumaliza."

Nikamuuliza wameingiaje. Sijui hata kwa nini nilimuuliza.

"Wameingiaje? Si wametua tu!"