Guru wa yoga: wa kusujudiwa, au wa kusikiliza pumzi?

Wanaofanya yoga Kisumu na Nakuru wapo wanaosema video ya simu inatosha, guru, yaani mwalimu wa yoga, hahitajiki. Kwa upande mwingine kuna waumini wanaohofia kwamba kumkubali guru ni kumsujudia binadamu. Hofu yao ina msingi: mwaka 2016 mahakama ya Los Angeles ilimwamuru Bikram Choudhury, mwalimu maarufu wa yoga, amlipe aliyekuwa wakili wake mamilioni ya dola baada ya kumnyanyasa kingono. Mwalimu asiyehojiwa na yeyote ni hatari.

Lakini kazi ya guru haieleweki vizuri, hasa katika pumzi. Mikao utaiiga kwenye video. Uwiano wa kale wa pumzi, 1:4:2, hauigwi hivyo: unavuta kwa hesabu ya 4, unazuia kwa 16, unatoa kwa 8. Anayeanza nao siku ya kwanza hushindwa kuzuia, kisha huhema kwa pupa kufidia. Kuhema huko hupunguza hewa ya kaboni dioksidi kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo hubana, midomo na vidole hufa ganzi, kichwa huzunguka. Naye hudhani ameguswa na roho!

Guru makini humwanzisha bila kuzuia kabisa. Kuvuta 4, kutoa 4, kwa wiki kadhaa. Kisha kutoa 6, halafu 8. Kuzuia huja mwishoni, kwa hesabu chache. Pumzi inayofuata ikiingia kwa kishindo, basi hesabu imezidi, na mwanafunzi anarudishwa nyuma. Kishindo hicho husikiwa na aliyeketi karibu. Hata mahali ni muhimu: aliyezoea Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hesabu ileile inaweza kumlemea Nakuru, penye mita 1,850. Maandiko ya karne ya 15 ya hatha yoga, yaani yoga ya mikao na pumzi, yanasema pumzi hufugwa polepole kama simba, tembo na chuimilia, la sivyo humuua anayeifuga.

Na kuhusu kusujudu, Patanjali, mwandishi wa kale wa Yoga Sutra, anamtaja Ishvara, yaani Bwana, kuwa mwalimu hata wa walimu wa kale. Basi guru naye ni mwanafunzi. Muulize alifundishwa na nani, na umwambie hutaki kuguswa unaporekebishwa mkao. Akikasirika, kunja mkeka wako uondoke.