Usukani wa Mustang ya zamani: tusianze kulaumu boksi

Mtu akinunua gari la misuli la Kimarekani la miaka ya 1960, iwe Mustang, Camaro au Dodge Charger, wiki ya kwanza husifu mlio wa V8, injini ya silinda nane. Wiki ya pili anaanza kulalamikia usukani. Anasema unaelea. Anauzungusha kidogo, gari halijibu; anaongeza, linajibu kupita kiasi. Akifika kilomita 100 kwa saa mikono haipumziki, ni kusahihisha tu kushoto na kulia kama nahodha wa mtumbwi. Wapenzi wa magari haya wana dawa moja wanayoiagiza upesi: ng'oa boksi la usukani, funga reki ya kisasa.

Hoja yao si ya kipuuzi. Ndani ya boksi la zamani kuna skrubu ndefu iliyovikwa nati, na kati ya skrubu na nati zinabingirika gololi. Nati inasukuma meno ya shafti inayotokea chini, shafti inazungusha mkono, mkono unavuta fimbo ya kati, fimbo inavuta tairodi (fimbo fupi zinazogeuza magurudumu) za kushoto na kulia, na upande wa abiria kuna mkono mwingine wa kushikilia fimbo isining'inie. Kwenye magari mengi, juu ya boksi kuna kiungo cha mpira kinachozuia mtikisiko usipande hadi kwenye usukani. Kila kiungo kikilika kidogo tu, dereva anazungusha usukani bila kitu kutokea. Reki imeifupisha safari hiyo: gia ndogo, fimbo yenye meno, tairodi mbili, basi.

Mustang ina tatizo la ziada. Zile za mwanzo zilizotoka kiwandani na pawa, yaani msaada wa mafuta unaoufanya usukani uwe mwepesi, boksi lenyewe halina pawa. Ford walitumia mfumo wa Bendix: vali imefungwa nje, pale mkono wa boksi unapokutana na fimbo ya kati, na silinda ya mafuta inasukuma fimbo hiyo kutoka pembeni. Vali ikichoka inavuja, tena inacheza. Wengi wamenunua boksi jipya kwa ugonjwa uliokuwa kwenye vali.

Hata hivyo, kabla ya kulihukumu boksi, tujiulize waliolitengeneza walitaka nini. Chrysler ndio waliotangulia kuuza gari la binafsi lenye pawa, Imperial ya 1951, na kufikia miaka ya 1960 usukani wao ulikuwa unazungushwa kwa kidole kimoja. Mnunuzi wa wakati ule alitaka hivyo hivyo. Injini nzito ya chuma imekaa juu ya magurudumu ya mbele, na mama anataka kuegesha dukani bila kutoka jasho. Wepesi ulikuwa bidhaa, na waliulipia kwa kupunguza kitu kingine: kasta, yaani pembe ya kulala kwa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia.

Kasta ni rahisi kuiona kwenye baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea kwa mpandaji. Kulala huko kunasaidia gurudumu kujirudisha katikati, na ndiyo maana kijana anaachia mikono yote miwili na baiskeli inaendelea kunyooka. Kwenye gari ni vivyo hivyo: kasta kubwa inalinyoosha gari, inaurudisha usukani baada ya kona, na kumpa dereva uzito mkononi. Ukiipunguza, usukani unakuwa mwepesi lakini bubu. Chrysler kwenye magari yao mengi ya enzi hiyo walielekeza nusu nyuzi hasi (mhimili umelala kuelekea mbele) kwa yasiyo na pawa, na robo tatu chanya kwa yenye pawa. Vipimo hivyo viliandikwa kwa tairi za wakati ule, zenye tabaka za kamba zilizopishana mshazari. Leo gari limevaa radiali, tairi za kisasa, lakini fundi wa alaimenti, yule anayepanga pembe za magurudumu, bado anafungua kitabu cha zamani, anaweka sifuri na kidogo, anamkabidhi mwenye gari karatasi yenye alama za kijani kila mstari.

Shahidi wangu hapa ni gari ambalo Nairobi na Dar es Salaam hazihitaji kutambulishwa: Mercedes W124. Nayo ina boksi la gololi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Benz hiyo inaelea barabarani. Malalamiko yake ni mengine kabisa. Kasta yake inakaribia nyuzi 10. BMW nao kwenye E39, 5 Series ya mwishoni mwa miaka ya 1990, waliweka reki kwenye injini za silinda sita na boksi la gololi kwenye V8, ikiwemo M5, ile ya kasi zaidi, na wanaoisifu M5 hiyo hawaoni haya. Kwa hiyo boksi peke yake haliwezi kuwa mshtakiwa wa kwanza.

Ndipo ninapoutilia shaka ushuhuda wa waliofunga reki. Seti ya vipuri vya reki inakuja na tairodi mpya na shafti mpya yenye viungo vipya, na ukishafunga lazima gari liende alaimenti, ambako mara nyingi muuzaji wa seti ameshaandika kasta ya kisasa. Mtu ametoa viungo vya miaka 50, amebadili pembe ya magurudumu, amebadili na boksi, kisha sifa zote zinakwenda kwa reki. Mgonjwa aliyemeza dawa tatu hawezi kuapa ni ipi iliyomponya.

Na reki ina gharama zake ambazo hazimo kwenye tangazo. Gari halikuchorwa kwa ajili yake. Viungo vya ndani vya tairodi visipokaa kwenye mstari wa mikono ya sespensheni, gurudumu likipanda tuta linajigeuza lenyewe upande mmoja, dereva hajagusa kitu. Tena seti nyingi zinapunguza pembe ya kukata kona: gari lililokuwa linageuka kwa mkupuo mmoja sasa linataka kurudi nyuma.

Aliyeshikilia boksi naye asijidanganye. Boksi lililochoka ni boksi lililochoka, na juu yake kuna skrubu ndogo ya kubana meno, yenye nati ya kufungia, ambayo imewaponza wengi, mimi nikiwemo. Kwenye Mustang ya 1966 ya jirani yangu niliikaza robo mzunguko, usukani ukakaza vizuri pale katikati, nikajiona fundi. Kwenye kona ya kwanza usukani uligoma kurudi. Ilibidi aurudishe kwa mikono kama anavuta kamba ya kisima. Meno yalikuwa yamelika katikati tu, kwa hiyo kulikaza katikati ni kuyabana pembeni. Nikailegeza.

Kilichosaidia kilikuwa cha kuchosha zaidi. Mmoja alikaa akitikisa usukani kidogo kidogo, injini inaunguruma, mwingine akalala uvunguni akishika kiungo kimoja baada ya kingine. Mkono wa kushikilia fimbo ulikuwa unapanda na kushuka kabla fimbo haijasogea pembeni. Vali ya Bendix nayo ilikuwa inacheza. Tulibadilisha vyote viwili, kisha tukafunga strati rodi zinazorekebishika, fimbo za sespensheni zinazopanga kasta, na fundi wa alaimenti akakubali, kwa shingo upande, kutupa nyuzi 3 na nusu za kasta. Bei yote haikukaribia ya seti ya reki.

Kwa Camaro na ndugu zake wa General Motors (GM) njia ni rahisi zaidi, kwa sababu pawa imo ndani ya boksi. Ndani kuna fimbo nyembamba inayojisokota dereva anapozungusha usukani, na kujisokota huko ndiko kunakofungulia mafuta. Fimbo nene inataka nguvu zaidi kabla ya msaada kuja, na hapo mkono unaanza kuhisi tairi. Ndiyo maana boksi la Camaro IROC-Z ya miaka ya 1980, lenye uwiano wa 12.7 kwa 1, linatafutwa sana: ni la haraka, na nje hakuna anayetambua.

Nikibanwa nichague, ningeanza na viungo, kasta na tairi, halafu boksi. Reki ningemwachia anayekimbiza gari kwenye saketi, aliye tayari kupima njia ya gurudumu na kuirekebisha. Sehemu moja tu jirani aliniweza. Mustang za 1965 na 1966 zina shafti ya usukani ya chuma ya kipande kimoja, inayoanzia ndani ya boksi, mbele kwenye injini, na kuishia kifuani kwa dereva. Haijikunji ikigongwa. Gari lake sasa linanyooka na kurudi katikati lenyewe, lakini aliponionyesha shafti ile na kuniuliza kama bado namshauri abaki na boksi la kiwandani, sikuwa na la kumjibu.