Usikimbilie springi kali

Kwa miezi mitatu sasa natengeneza bunduki ya kuchezea, ya kufyatua vishale vya sponji. Kila nikimwambia mtu kwamba kishale kinaanguka karibu, jibu ni lile lile: weka springi kali zaidi. Ushauri huo naukataa kabisa, maana niliufuata.

Springi ya kwanza niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nene kweli kweli, nikaiweka ndani ya bomba la PVC. Mpwa wangu wa miaka minane akajaribu kuikoki, yaani kuvuta springi nyuma iwe tayari kufyatua. Akavuta kwa mikono miwili, akaikandamiza tumboni akavuta tena, wapi! Mtoto asiyeweza kukoki bunduki yake hana cha kuchezea hapo. Na hata nilipoikoki mimi, kishale hakikufika mbali.

Tatizo lilikuwa hewa. Springi inasukuma pistoni, yaani kizibo kinachoteleza ndani ya bomba, pistoni inasukuma hewa, na hewa ndiyo inayorusha kishale. Kishale kina kipenyo cha milimita 13 hivi, na bomba la nusu inchi nililolifanya mtutu lilikuwa pana kuliko hapo, kwa hiyo hewa ilipita pembeni. Pistoni nayo ilikuwa ikivuja. Nikaivisha oringi, pete ya mpira ya kuzibia, nikapaka grisi ya silikoni. Kupima ni rahisi: ziba mdomo wa mtutu kwa kidole gumba, kisha sukuma pistoni kwa mkono. Ikikugomea, umeziba vizuri. Ikiteleza mpaka mwisho, tafuta pa kuvujia.

Halafu mtutu wenyewe. Watu wanaamini mrefu ndio wenye nguvu. Lakini hewa ya pistoni ina kiasi chake. Ikishamaliza kusukuma, sponji inabaki kusugua ukuta wa bomba na kishale kinapungua kasi. Nilipata bomba jembamba la alumini, nikawa nalikata sentimita moja moja na kufyatua upya, mpaka umbali ulipoacha kuongezeka. Jioni nzima iliishia hapo, na ndiyo jioni iliyonifundisha zaidi.

Ninayemtazama katika kazi hii ni Lonnie Johnson, injinia Mmarekani aliyewahi kufanya kazi NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Wazo la bunduki yake ya maji lilimjia mwaka 1982, na ilifika madukani mwaka 1990. Ndiyo iliyokuja kuitwa Super Soaker. Ya majaribio aliiunda kwa mabomba ya PVC na chupa ya soda, akampa binti yake aichezee. Mtoto anapampu kidogo kidogo, hewa inajikusanya ndani, kisha inafanya kazi ambayo mkono wake peke yake usingeiweza.

Springi yangu ya sasa ni nyembamba. Mpwa wangu anaikoki mwenyewe, na kishale kinavuka uwanja wetu mpaka ukutani. Bodi ya bunduki nitaipaka manjano na kuipa umbo lisilofanana na silaha, hilo sitalibadilisha. Kilichobaki ni kifyatulio, kwa sababu kidole chake hakikifikii. Jumamosi nitaupima mkono wake kwanza, ndipo nichore.