Kufanyia kazi nyumbani: nani anafaidika?

Januari 27 na 28, 2025, serikali iliwaambia watumishi wake wengi wa Dar es Salaam wafanyie kazi nyumbani, kupisha misafara ya wageni wa mkutano wa nishati. Baadaye watu wakarudi kwenye foleni na mjadala ukafa. Naona ulikufa mapema mno, maana ile hofu ya mabosi kwamba mtu akikaa nyumbani atalala imeshapimwa.

Shanghai, mwaka 2010, kampuni ya usafiri ya Ctrip iligawa wafanyakazi wa kupokea simu waliojitolea. Waliozaliwa tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Kwa miezi tisa, wa nyumbani waliwazidi wenzao kwa asilimia 13, hasa kwa sababu walipumzika kidogo na kuugua mara chache. Idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa nusu.

Hata hivyo, jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini. Upweke uliwachosha. Tena, ukilinganisha waliofanya kazi kwa kiwango kilekile, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Hili ndilo linaloniuma: mtu anazalisha zaidi, anasahaulika kwa kuwa haonekani.

Kule Chennai, India, mambo yaligeuka kabisa. Waingiza takwimu waliopangiwa kukaa nyumbani walizalisha pungufu kwa asilimia 18, na waliotaka sana nyumbani ndio walioshuka zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba baadhi yao walikuwa na watoto au ndugu wa kuhudumia, au kipato kidogo.

Tofauti, kwa maoni yangu, ipo kwenye nyumba yenyewe. Ctrip ilimtaka kila mmoja awe na chumba chake cha kazi na intaneti ya uhakika. Mama wa Mbagala anayeandika ripoti huku mtoto analia, umeme umekatika na bando ni la mfukoni mwake, hatimizi masharti hayo, ingawa ndiye anayeumizwa zaidi na daladala za alfajiri.

Kwa hiyo naunga mkono siku mbili za nyumbani, si tano. Kampuni hiyohiyo ya China ilijaribu mpango huo kwa watu 1,612: utendaji haukushuka, vyeo havikuathirika, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Hapa kwetu ningeongeza sharti moja: bando alipie mwajiri.